Usiku Ubaki Usiku: Kupiga Picha Penye Mwanga Hafifu

Kamera haijui kwamba ni usiku. Ukiielekeza kwenye uchochoro wenye taa moja, hupima mwanga wote ulioingia kwenye lenzi, kisha huupandisha au kuushusha mpaka picha nzima ikaribie kijivu cha kati, kile kinachoakisi takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Mchana kipimo hicho hakina ubaya, kwa kuwa majani, udongo, nguo na nyuso vikichanganywa havipishani sana na kijivu hicho. Usiku kinaharibu. Uchochoro ambao robo tatu yake ni giza hupandishwa hadi giza likawa kijivu kichafu, taa ikawa doa jeupe lisilo na umbo, na mzee aliyeketi barazani akaonekana kama amepigwa picha saa nane mchana siku ya mawingu.

Simu za siku hizi zimezidisha tabia hiyo. Google walileta Night Sight mwaka 2018, Apple wakafuata mwaka 2019 na iPhone 11, na sasa hata simu nyingi za bei ya kati zina hali ya usiku. Hali hiyo hupiga picha kadhaa mfululizo, huzipanga moja juu ya nyingine, hupunguza chenga na kuinua vivuli. Ni uhandisi wa kusifiwa, na kama unataka kusoma namba ya nyumba gizani hutapata kingine bora. Makala haya yanahusu haja tofauti: picha ambayo giza limewekwa ndani yake kwa makusudi, na mtazamaji akalihisi.

Basi kazi ya kwanza ni kuikatalia kamera. Kwenye simu, gusa skrini mahali penye mwanga unaoujali, tuseme shavu lililopigwa na taa, ushikilie kidole mpaka simu ioneshe kwamba imefunga fokasi na mwangaza. Kisha buruta ile alama ya jua kwenda chini, polepole, mpaka mwali wa taa upate umbo lake na kuta zianze kuzama. Wengi huacha mapema mno. Endelea kushuka mpaka uone umevuka, ndipo urudi kidogo. Kwenye kamera tumia kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa: anza na −1, jaribu −2. Kila hatua moja ya kushuka inakata mwanga nusu, kwa hiyo −2 ni robo ya mwanga ambao kamera ingejichukulia yenyewe. Hali ya usiku ya simu izime, au iache kwa vitu visivyotikisika kama mashua zilizoegeshwa ufukweni, ambako itakupa faili safi utakaloweza kulitia giza baadaye.

Kabla ya kubonyeza, amua nini kistahili kuonekana. Jicho huenda penye mwanga mkali kuliko pote, hata kama pale hapana maana. Ukimpiga picha mama lishe akikaanga chapati kwa mwanga wa jiko, na kwenye kona ya juu kuna bango la kampuni ya simu linalowaka, umepiga picha ya bango. Sogea hatua mbili kushoto, lifiche nyuma ya nguzo au nyuma ya bega la mteja. Zungusha macho kwenye pembe zote nne za skrini ukitafuta balbu, mwanga wa televisheni ya jirani, taa ya bodaboda inayokuja. Mchana vitu hivyo vingejificha kwenye wingi wa vitu vingine, lakini usiku kila kimoja kinapiga kelele.

Umbali unafanya kazi kubwa kuliko kifaa chochote utakachonunua. Mwanga wa taa ndogo hupungua kwa mraba wa umbali: kitu kilichoko mita 2 kutoka kwenye taa hupata robo tu ya mwanga ambao kingepata kikiwa mita 1, na kikiwa mita 3 hupata sehemu moja ya tisa. Sasa mchukue muuza kahawa aliyeinamia jiko lake, uso wake uko nusu mita kutoka kwenye chemli, na ukuta wa nyuma uko mita 3 kutoka kwenye chemli hiyohiyo. Ukuta uko mbali mara sita kuliko uso, hivyo unapata sehemu moja ya thelathini na sita ya mwanga unaoupata uso. Hiyo ni tofauti ya hatua tano za kamera. Pima kwa ajili ya uso na ukuta utazama wenyewe, pamoja na nyaya, matangazo ya waganga na ndoo za plastiki zilizopangwa pale. Muuza kahawa huyohuyo akiketi mita 2 kutoka kwenye chemli, ukuta ukabaki palepale, tofauti inashuka hadi hatua moja na kidogo, na takataka zote zinarudi pichani. Ukitaka giza zito, mlete mtu karibu na taa. Ukitaka mahali paonekane pamoja na mtu, mweke mbali na taa na umsogeze karibu na ukuta.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoeleza kwa nini flashi, ambayo waandishi wengi wa miongozo kama huu huilaani, iliweza kutoa picha za usiku zenye uhai mkubwa mikononi mwa mpiga picha Malick Sidibé wa Bamako. Picha yake ya mwaka 1963 iitwayo Nuit de Noël inaonesha kijana na msichana wakicheza dansi nje, vichwa vimeinamiana. Flashi imewafikia wao, na nyuma yao kuna weusi karibu mtupu. Kamera ilikuwa karibu nao, mandhari yalikuwa mbali, mwanga ukaishia njiani. Flashi inayoharibu ni ile ya ukumbini inayopigwa kutoka mbali, ikaangaza migongo ya viti vya mbele na kuwaacha maharusi kijivu.

Giza, tena, halisubiri usiku. Ndani ya nyumba za kale za Mji Mkongwe, Lamu au Mombasa, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe na madirisha machache, adhuhuri ni saa nzuri kabisa. Fungua ubao mmoja wa mlango, mketishe mtu hatua moja ndani ya kizingiti akitazama nje kidogo, simama pembeni yake ndani ya nyumba. Anga lote la nje limekuwa taa yako, kubwa na laini, na ukumbi ulio nyuma yake unakuwa weusi usio na mwisho. Nyumba ya udongo yenye dirisha moja kule bara itakupa kitu kilekile. Kwa anayeanza ningesema aanzie hapa, kabla ya kuhangaika barabarani usiku. Mwanga hauhamihami, mtu anaweza kukaa kitako, na hakuna anayekuwinda simu.

Ngozi nyeusi gizani ni suala linalotaka nafasi yake, kwa sababu vifaa vyenyewe havikutengenezwa vikiifikiria. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha za rangi zilitumia kadi ya kupimia iliyotoka Kodak, yenye picha ya mwanamke mweupe. Wafanyakazi waliiita kadi ya Shirley. Ikiwa ngozi yake imetoka vizuri, mashine imepangwa vizuri, na mwenye ngozi nyeusi alipata alichopata: meno na macho, basi. Mtafiti wa Kanada Lorna Roth alipofuatilia historia hiyo aligundua kwamba malalamiko yaliyoisukuma Kodak yalitoka kwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, ambao rangi za kahawia za bidhaa zao zilikuwa zikipotea matangazoni. Filamu iliyoboreshwa ilisifiwa kwamba inaweza kunasa farasi mweusi penye mwanga hafifu. Farasi! Simu za sasa zina nafuu kubwa. Tecno walijijengea jina Afrika kwa sehemu kutokana na kamera zinazopima ngozi nyeusi, na Google walitangaza kazi yao ya Real Tone mwaka 2021. Hata hivyo nyingi bado hukosea kwa namna mbili zinazopingana, na inafaa uzijue zote.

Nyuma ya mtu kukiwa na giza tupu, kamera huinua kila kitu na ngozi inageuka majivu. Nyuma yake kukiwa na dirisha au duka lenye taa kali, kamera hushusha kila kitu na uso unapotea. Kupima nukta moja kwenye shavu hakumalizi tatizo, kwa sababu kamera itataka kuligeuza shavu hilo jeusi kuwa kijivu cha kati. Ukipima hivyo, shusha hatua moja au moja na nusu ili rangi irudi mahali pake.

Halafu weka mwanga pembeni. Ngozi nyeusi inachorwa na mng'ao: taa ikija kutoka upande, mfupa wa shavu, mgongo wa pua na ukingo wa paji la uso hushika mstari wa mwanga, na mistari hiyo michache inatosha kujenga uso mzima hata kama nusu yake iko gizani. Ndiyo maana mafuta kidogo usoni husaidia, na poda nyingi huua picha ya namna hii. Mwombe mtu ageukie taa, wewe usimame upande wa pili, ule wenye kivuli, ili sehemu ya uso iliyo karibu nawe iwe ndiyo iliyofichika. Angalia pia kilicho nyuma ya kichwa. Nywele nyeusi mbele ya giza hazina mpaka, na kichwa hukatika kama kimefutwa. Tafuta ukuta uliopata mwanga kidogo sana, pazia, moshi wa mishikaki, chochote kilicho hatua moja juu ya weusi mtupu, kimweke nyuma ya kichwa hicho.

Mwalimu wa somo hili, kwangu mimi, ni Roy DeCarava, aliyezaliwa Harlem mwaka 1919 na kufariki mwaka 2009. Mwaka 1952 alikuwa mpiga picha Mweusi wa kwanza kupata ufadhili wa Guggenheim, na kwa fedha hizo akaendelea kupiga picha majirani zake kwa mwanga uliokuwapo: balbu ya ukumbini, dirisha, taa za vilabu vya jazi. Picha zake ni nyeusi kiasi kwamba kwenye chapa mbaya huoni kitu. Kwenye chapa nzuri kuna kijivu juu ya kijivu, nyuso zinazotoka taratibu kadiri unavyotazama. Ile iitwayo Hallway, ya mwaka 1953, haina hata mtu. Ni ujia mwembamba wa jengo la kupanga, na taa dhaifu kule mwisho. Mpiga picha wa kibiashara angeleta taa ya ziada. DeCarava aliona kwamba udhaifu wa taa ile ndio habari yenyewe kuhusu maisha ya waliopanga pale.

Lakini wateja wetu hawajalelewa na DeCarava. Anayepiga harusi atasikia, mapema au baadaye, "Mbona umenifanya mweusi hivi?" Swali hilo lina historia ndefu ya studio na ya ile kadi, na mbele ya bibi harusi si wakati wa kuieleza. Makubaliano yafanyike kabla. Onesha mifano miwili, ya kung'aa na ya kiza, sema ngapi za kila aina utatoa, na kiza ukitunze kwa matukio yanayokiomba: kupambwa kwa hina, bwana harusi akisubiri, akina mama wakiimba ukumbi ukiwa umezimwa nusu.

Kanzu nyeupe ina matatizo yake. Kitambaa cheupe huakisi sehemu kubwa ya mwanga unaokifikia, na uso mweusi sehemu ndogo, kwa hiyo mtu mmoja chini ya taa moja ana tofauti ya hatua tatu hivi kati ya kifua chake na shavu lake. Kwenye maulidi au nikahi ya usiku kamera ikifuata uso, kanzu inaungua ikawa karatasi. Ikifuata kanzu, mtu anabaki kofia na kifua. Dawa ni kumgeuza au kungoja ageuke, mwanga uanguke usoni na kifua kipite upande wa kivuli, halafu ushushe mwangaza mpaka mikunjo ya kitambaa ionekane. Kwa upande mwingine kanzu ni zawadi: mtu aliyevaa kanzu karibu na taa anamrushia mwenziwe aliyeketi mkabala mwanga laini ambao usingeupata kwa kifaa cha kununua. Waangalie wawili wanaocheza bao chini ya taa ya barazani utaliona hilo.

Kuhusu saa, miongozo mingi iliyoandikwa Ulaya itakudanganya bila kukusudia. Inazungumzia jioni ya buluu kama kipindi kirefu, na kwao ni kweli: London mwezi Juni, kuanzia jua kuzama mpaka lifike nyuzi sita chini ya upeo wa macho, hupita zaidi ya dakika 40. Kwetu karibu na Ikweta jua huzama karibu wima, na kazi yote hiyo inakwisha kwa dakika 20 na ushei. Uchukue mfano wa Forodhani, Unguja. Kama robo saa baada ya jua kuzama, anga juu ya bahari na taa za mabanda ya chakula hulingana nguvu: buluu nzito juu, manjano chini, moshi katikati, na ngalawa bado zina umbo. Dakika 10 baadaye anga ni jeusi na mabanda yanaelea kwenye utupu. Zote mbili ni picha nzuri, ila ya kwanza haikusubiri. Fika mapema, chagua mahali, ongea na watu, pima, na adhana ya magharibi ikute simu iko mkononi na umeshajua utakachopiga.

Baada ya hapo unabaki na rangi za taa, na hapa tena kamera itajaribu kukusahihisha. Mshumaa uko karibu na kipimo cha kelvini (K) 1,900, balbu ya zamani kama 2,700, jua la mchana kama 5,500, na taa nyingi nyeupe za LED zinazouzwa madukani zimeandikwa 6,500. Kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo mwanga unavyokuwa mwekundu. Kamera ikiachwa yenyewe huuona uwekundu wa kibatari kuwa kosa, ikamwaga buluu kuuondoa, na chumba chenye joto kikafanana na wodi. Ingia kwenye hali ya kitaalamu ya kamera ya simu, iliyoandikwa Pro, tafuta alama WB, uweke kati ya 3,500 na 4,000. Mwali utabaki wa dhahabu bila kugeuza nyuso kuwa machungwa. Taa za aina mbili zinapogongana, LED nyeupe ya duka na moto wa jiko, usihangaike kuzipatanisha. Chagua ile inayomwangukia mtu, iache nyingine iwe ya ajabu. Ukishindwa kabisa, nyeusi na nyeupe ipo.

Taa za LED za bei rahisi zina kero nyingine: umeme wetu ni wa 50 Hz, taa hizo hupepesa mara 100 kwa sekunde, na kasi ya shata isiyolingana nazo huacha mistari ya giza inayokatiza picha. Kasi ya 1/50 au 1/100 kwa kawaida huiondoa.

Hiyo kasi ya shata ndiyo utakayopigania usiku kucha. Una njia tatu za kuongeza mwanga kwenye picha: kufungua tundu la lenzi, kuacha shata wazi kwa muda mrefu zaidi, na kupandisha ISO, yaani unyeti wa kamera kwa mwanga. Lenzi ya 50 mm yenye f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi rahisi za kampuni nyingi, huingiza mwanga karibu mara nne kuliko lenzi ya kawaida ya f/3.5 inayokuja na kamera. Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu, nunua hiyo. Kwa mtu aliyetulia anayeongea, 1/60 inatosha, anayetembea anahitaji 1/125 au zaidi. Ukishuka hadi 1/15, egemea ukuta, bana viwiko mbavuni, toa pumzi nusu, piga tatu mfululizo. Ya katikati mara nyingi ndiyo iliyotulia. Chini ya hapo weka kamera juu ya kitu. Stendi ni nzuri, ila mfuko mdogo wa maharage juu ya ukuta wa baraza unashika vizuri vilevile na hauwakwazi wapita njia. Tumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisitikise. Na fokasi ikikataa, kamera ikawa inakwenda na kurudi bila kushika, ielekeze kwenye mpaka wa mwanga na giza ulio umbali uleule, ukingo wa kikombe au kola ya shati, uifunge hapo, ndipo upange picha yako.

ISO usiiogope kama wengi wanavyoiogopa. Chenga hukaa kwenye vivuli, na hasa kwenye vivuli vilivyoinuliwa baadaye. Anayetaka usiku ufanane na mchana anainua vivuli vyote na kuziamsha chenga zote. Wewe unayetaka giza unazizika humohumo. ISO 3200 kwenye kamera ya kawaida, uso ukiwa umepata mwanga wa kutosha na mengine yakaachwa meusi, inachapika bila aibu. Hii ndiyo sababu picha za kiza zinazifaa simu duni kuliko watu wanavyodhani. Wanaopiga kwa faili ghafi za RAW wana mbinu ya ziada: hupiga zikiwa na mwanga zaidi kidogo kuliko lengo lao, bila kuunguza taa, kisha hushusha mezani, na weusi hutoka msafi zaidi.

Msimu wa mvua usikae ndani. Brassaï, Mhungaria aliyehamia Paris na ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Gyula Halász, alitoa kitabu chake cha Paris de nuit mwishoni mwa mwaka 1932, na nyingi kati ya picha zake za usiku zina ukungu au mawe ya barabara yaliyolowa. Alitumia kamera ya vioo juu ya stendi na kupima muda kwa sigara: aina moja kwa mwanga fulani, nyingine nene zaidi palipokuwa na giza zaidi. Lami kavu humeza mwanga. Ikilowa huurudisha, na taa moja ya duka inakupa barabara nzima ya kufanyia kazi. Kariakoo ya Dar es Salaam au River Road ya Nairobi nusu saa baada ya mvua, kamera ikiwa imeshushwa karibu na dimbwi, huwezi kuondoka mikono mitupu.

Ziwa Victoria lina jambo la kupangia ratiba. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi kwa taa, zamani karabai, sasa nyingi ni za LED zinazochajiwa kwa jua, na hutoka usiku usio na mwezi kwa sababu mbalamwezi hupunguza nguvu ya taa zao. Anayetaka picha ya ziwa lililojaa nuru Mwanza au Ukerewe aangalie kalenda ya mwezi kabla ya kukata tiketi. Shata la sekunde kadhaa litaichora kila taa kama mkwaruzo kwa sababu mtumbwi unayumba; punguza muda hadi sekunde moja au nusu na upandishe ISO kama unazitaka nukta.

Sasa watu. Usiku watu huwa na mambo yao, na lenzi inayotokea gizani inatisha. Salimia kwanza. "Shikamoo mzee. Naomba nikupige picha ukiendelea na kazi yako, sitawasha flashi." Mara nyingi jibu ni "Marahaba, lakini nitaonekana kweli?" Mwoneshe uliyopiga. Ukishakubaliwa, kaa kitako, nunua kahawa, ngoja asahau kwamba upo. Waliolala barabarani, watoto walio peke yao, na wanawake wanaotafuta riziki usiku usiwapige ukajitetea kwamba nyuso hazionekani vizuri. Majirani zao wanawajua kwa kivuli. Kambi za jeshi, vituo vya polisi na majengo ya serikali yapite. Na wewe mwenyewe usitembee peke yako ukitazama skrini inayong'aa, kwani mwenye pikipiki anayekwapua simu anakuona toka mbali. Mwenzako mmoja asiyepiga picha, anayetazama barabara tu, ni kifaa muhimu kuliko lenzi.

Kuhariri usiku huohuo kitandani nakushauri usifanye. Macho yakishazoea giza, skrini huonekana kali kuliko ilivyo, nawe utaitia picha kiza kupita kiasi. Ngoja asubuhi, weka mwangaza wa skrini nusu, kaa ndani. Programu ya Snapseed inatosha na ni ya bure. Usiguse kitufe cha kusahihisha chenyewe. Shusha weusi kidogo, acha vivuli vilivyo, ongeza mwanga mahali pamoja tu kwa zana ya kuchagua eneo, pengine jicho moja au mkono unaomimina. Unapomtumia mtu kwa WhatsApp, tuma kama faili badala ya picha. Mbano wa kawaida huyakata mabadiliko laini ya giza yakawa vipande vya mraba.

Karatasi nayo haina mwanga wa ndani kama skrini, kwa hiyo picha ya kiza ikichapwa hutoka nyeusi zaidi ya ulivyoiona. Inua mwangaza wa nakala ya kuchapa kama nusu hatua. Karatasi ya kung'aa hutoa weusi mzito lakini huakisi dirisha la sebuleni, na ile isiyong'aa hutuliza macho ila weusi wake hufifia. Kwa picha ya kutundika mimi huchagua isiyong'aa. Mashine nyingi za studio zina marekebisho ya moja kwa moja yatakayoona picha yako ni mbovu na kuiangaza, basi mwambie fundi, kabla hajaingiza faili, aizime hiyo sehemu. Achape kwanza moja ndogo. Itazame nje ya studio, kwenye mwanga wa kawaida, ndipo ulipie kubwa.